Sauti ya Pikipiki Yako Ni ya Ploti Nzima

Wenzangu walioandika katika kurasa hizi wameshughulikia ngeli, ufisadi na dawa za kulevya. Mimi naomba ruhusa ya mhariri niseme juu ya ekzosi ya pikipiki. Msicheke. Nina sababu, na sababu yenyewe iliwahi kutaka kumhamisha kaka yangu nyumbani.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Wahenga hao hawakuwahi kuishi ghorofa ya tatu kule Umoja Innercore. Nyumba za Umoja zilipojengwa katika miaka ya sabini zilikuwa za chini, zenye nafasi ya kuanika nguo na kupanda sukuma wiki. Leo pale pale pamesimama ghorofa sita, saba, zinatazamana kama watu wanaotaka kusalimiana kwa mkono. Pikipiki ikiwashwa kule chini, sauti inagonga ukuta huu, inarudi ukuta ule, inapanda mpaka kwenye tangi la maji. Ukiwa kitandani unadhani imeegeshwa chini ya mto wako.

Basi kaka yangu, baada ya kuweka akiba miaka mitatu, alinunua Ninja kuukuu ya cc 250, silinda mbili, ya kabureta. Ilikuwa imepitia mikono mingi lakini injini ilikuwa fiti. Shida ilikuwa moja tu: ilikuwa kimya. Vijana wa stejini pale Mutindwa walimcheka, ati pikipiki ya spoti inalia kama cherehani. Na aliyemchochea zaidi alikuwa nani? Mimi hapa. Nilimwambia, "Brathe, toa hiyo sailensa, weka bomba tupu." Nilichanga hata pesa zangu za likizo.

Tulitaka kwanza ekzosi ya jina. Duka moja lilituuzia mkebe wenye nembo ya Akrapovič, kwa bei ambayo ingetosha viatu viwili vya shule. Akrapovič ni kampuni ya Slovenia iliyoanza mwaka 1990, na mabomba yake huvaliwa na pikipiki za mashindano ya dunia. Sisi tulifika nyumbani, tukaupangusa kwa kitambaa chenye maji, nembo ikatoka na kitambaa. Ndani mlikuwa na bati jembamba na pamba kiganja kimoja. Ulipasuka mahali pa kuning'inizia kabla ya wiki mbili kwisha. Ndipo tukaenda kwa fundi wa jua kali, akatuchomelea bomba safi la chuma, nene, lisilo na kitu ndani. Fundi yule simlaumu. Alitengeneza alichoambiwa, na alikitengeneza vizuri.

Jamani, ililia! Siku ya kwanza watoto walikimbia nyuma yake kama wanamfuata mwanasiasa. Nilijiona mtu.

Siku ya tatu ndipo matatizo yalipoanza kujitokeza, na hapa naomba wale wanaolala katika somo la Fizikia waamke kidogo. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hutoka kwa kishindo na kutuma wimbi ndani ya bomba. Wimbi hilo likifika mwisho ulio wazi, sehemu yake hugeuka na kurudi kama mvuto. Likirudi kwa wakati wake, linasaidia kufyonza moshi uliobaki ndani ya silinda, na hewa mpya inaingia vizuri. Likirudi wakati si wake, linaharibu. Wakati huo hutegemea urefu wa bomba na mwendo wa injini. Ndiyo maana watu kama Yoshimura wa Ujapani walipounganisha mabomba manne kuwa moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, hawakukata tu chuma popote, walipima. Bomba fupi hufaa injini inayozunguka kasi sana, kama ya mashindano. Sasa niambieni, ni nani anayezungusha injini namna hiyo kwenye msongamano wa Jogoo Road saa moja asubuhi? Kaka akifungua akseleta mwendo wa chini, pikipiki ilisita, kisha ikaruka. Nguvu tuliyoinunua ilikuwa mahali ambapo hatukwenda kamwe.

Isitoshe, kabureta ilikuwa imepimwa kwa ekzosi ya kiwandani. Moshi ulipopata njia nyepesi, hewa iliingia nyingi kuliko petroli. Injini ikawa na joto jingi, na kila alipoachilia akseleta bomba lilipasuka pa! pa! pa! kama fataki. Sisi tulidhani hiyo ndiyo raha yenyewe. Kumbe ilikuwa injini ikilalamika. Fundi mwingine alituambia tulipaswa kubadilisha jeti za kabureta siku ile ile tuliyobadilisha bomba. Pesa hizo hatukuwa nazo, zilikuwa zimekwisha kwenye kelele.

Lakini hayo yote tungeyavumilia. Kilichotuvunja miguu ni jirani wa ghorofa ya pili. Ni muuguzi, hufanya kazi usiku na kulala mchana. Jioni moja alibisha mlangoni akiwa na sare yake tayari kwenda kazini, macho mekundu.

"Kijana, sijakuja kugombana," alimwambia kaka. "Nataka tu ujue kwamba kwa siku nne nimelala saa mbili mbili. Leo nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake."

"Pole sana, sista," kaka akajibu, akitazama sakafu.

Hakusema zaidi. Alishuka ngazi akaenda kupanda matatu. Baba, ambaye alikuwa amesikia yote nyuma ya gazeti, alilikunja akasema bomba litoke au mwenye bomba atoke. Mimi sikulala usiku huo, na siku hiyo hakuna pikipiki iliyopita.

Najua watetezi wa mabomba makubwa watanijibu kwamba kelele huokoa maisha, kwa kuwa dereva wa matatu atakusikia hata asipokuona. Nami nilikuwa naiamini hoja hiyo. Lakini angalieni ekzosi inaelekea wapi: inaelekea nyuma. Hatari nyingi za mwendesha pikipiki ziko mbele yake, ni gari linalokata kona bila kumwona. Na dereva huyo wa matatu ana spika kubwa kuliko kabati letu la nguo. Atasikia nini? Anayesikia vizuri kabisa ni mtoto mchanga wa ghorofani na mwendeshaji mwenyewe. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Safari ya kutoka Umoja hadi mjini hupita dakika 15 hata barabara ikiwa wazi.

Na sheria ipo, si maneno ya baba tu. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaruhusu desibeli 50 mchana nje ya makazi ya watu, na 35 usiku, na usiku wao huanza baada ya saa mbili. Thelathini na tano ni karibu mnong'ono. (Kesha za Ijumaa zenye spika nne nawaachia mwandishi mwenye ujasiri kunishinda.)

Hata hivyo, siafikiani na wazee wa ploti waliotaka pikipiki zote za spoti zipigwe marufuku getini. La hasha! Ninja yenye sailensa nzima ni pole kuliko bodaboda iliyotoboka, na wenye bodaboda hawakuitwa kikaoni. Kupenda pikipiki si uhuni. Kutaka kubadilisha ekzosi pia si uhuni: ya kiwandani ni nzito, ikishika kutu inakula, na mpya huenda ikawa ghali kuliko ya duka la pembeni. Ninachosema ni kwamba tuchague kama watu wenye majirani.

Anayetaka wepesi na sura, abadilishe mkebe wa mwisho tu, mabomba ya mbele ayaache yalivyo. Nguvu haitaongezeka sana, na asimwamini anayemwahidi muujiza. Achague wenye bomba la matundu ndani na pamba ya nyuzi za kioo inayojaa kweli, na kile kizibo cha mdomoni kinachopunguza sauti kiwe kimefungwa kwa skrubu, kisha akiache pale pale. Pamba hiyo huungua na kuisha, kwa hiyo aulize kama mkebe unafunguka ili ajaze nyingine. Autikise: ukilia kama kopo la njugu, aurudishe. Atazame kibano kinachoushikilia, maana barabara zetu za mtaani hazina huruma na chuma chembamba. Anayetaka kubadilisha mfumo mzima, aweke kwanza kando pesa za kurekebisha petroli. Na kabla ya kulipa, aombe iwashwe, kisha asimame nyuma hatua kumi, mahali ambapo jirani husimama. Sisi tulisikiliza tukiwa tumeketi juu ya kiti. Hapo ndipo tulipokosea.

Kaka alirudisha sailensa ya zamani kwa miezi miwili. Baadaye alipata mkebe wa stenlesi wa mtumba, mnene, wenye kizibo, akabadilisha jeti pia. Sasa inatoa sauti nzito ya chini, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Akirudi usiku huizima kwenye lango la nje na kuisukuma mpaka ndani, akihema. Yule sista alimkuta akisukuma juzi, akamsaidia kushika lango.

Lile bomba tupu bado liko chini ya kitanda chetu. Wiki jana kijana wa ploti ya pili alikuja kuuliza bei. Kaka alimwambia haliuzwi. Mimi ningelipeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, apime kilo.