Pengo la Besi Lisizibwe

SIKIO LA JUMAMOSI
Na Rehema Kibwana

Albamu ya zamani inaporudishwa studio, namwombea fundi jambo moja: asijifanye mpishi. Kazi yake ni kupembua mchele, si kuutia viungo.

Fundi Greg Calbi wa New York alilielewa hilo mwaka 2014, lebo ya Sub Pop ilipotoa kwa pamoja albamu saba za Sleater-Kinney, bendi ya panki ya wanawake pekee iliyozaliwa Olympia, jimbo la Washington, Marekani. Zote alizifanyia masteringi upya, yaani alisawazisha tena sauti iliyokwisha kurekodiwa. Ninayoirudia mimi ni Dig Me Out ya mwaka 1997.

Bendi hiyo haina mpiga besi. Corin Tucker na Carrie Brownstein hulegeza nyuzi za magitaa yao. Moja linauliza, jingine linadakia swali kabla halijaisha. Janet Weiss alijiunga nao katika albamu hiyo, na drams zake zikawa sakafu waliyosimamia wote.

Fundi mwenye papara angeliona pengo lile la chini akalijaza mvumo. Masteringi haiwezi kubadili kilichopigwa wala kilichoimbwa, lakini huongeza au kupunguza uzito wa sauti za chini, ukali wa za juu na nguvu ya wimbo mzima. Wengi hupandisha kila kitu mpaka hakuna kinachosikika vizuri. Hapa nasikia drams zimetulia mahali pake, magitaa yametengana, na sauti ya Tucker, inayotetemeka kama waya uliovutwa, bado inachoma.

Nalisema hili kwa kuwa wanawake wa panki husifiwa mno kwa ujasiri, kidogo mno kwa ufundi. Mtu akishaandika kwamba wana hasira, anafunga daftari. Lakini pengo la besi kwao si upungufu. Albamu zote saba zimejengwa juu yake, na masteringi nzuri inamwonyesha msikilizaji nguzo zilipo.

Albamu za wanaume wa roki husafishwa tena na tena, zikatunzwa kama hati za ukoo. Za wanawake zinastahili mikono ileile na subira ileile. Tafuta toleo la 1997 na hili la 2014, uyasikilize moja baada ya jingine. Anza na magitaa, kisha ufuate drams. Ukimaliza, zungumzia walivyopiga.