Mzigo wa Mnada Usipofika Mpanda

Mnada si jambo geni katika nchi hii. Mwananchi alisimama mbele ya dalali, akaiona mali kwa macho yake, akaigeuza akitaka, akataja bei, na nyundo ilipogonga alilipa na kuondoka na mali yake mkononi. Mabishano hayakukosekana, lakini yalimalizika palepale, kwa sababu fedha na mali zilibadilishana mikono mahali pamoja na kwa saa moja.

Siku hizi mnada umehamia mtandaoni. Picha ya bidhaa hubandikwa, bei ya kuanzia hutajwa, wanunuzi hushindana kwa ujumbe hadi saa iliyowekwa, na aliyetaja bei ya juu huamriwa alipe kwa simu. Kwa mkazi wa Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, mnada wa namna hiyo una manufaa ya kweli. Muuzaji aghalabu yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Katavi, na nauli ya kuifuata bidhaa huko ingemeza nafuu yote ya bei. Lakini umbali huohuo ndio unaozaa mgogoro. Fedha hutoka Mpanda hadi Kariakoo kwa sekunde chache. Mzigo husafiri kwa basi, na mwingine hausafiri kabisa.

Ichukuliwe mfano wa mwalimu aliyeshinda mnada wa kompyuta mpakato kwa shilingi 450,000. Amelipa usiku uleule, kwa kuwa aliambiwa asipolipa itapewa aliyemfuatia. Wiki ya kwanza anaarifiwa kwamba mzigo umo njiani. Wiki ya pili anaarifiwa kwamba basi limeharibika. Wiki ya tatu simu haipokelewi. Wapo watakaomcheka na kusema kwamba alijitakia. Kicheko hicho hakina haki. Kununua kitu halali kwa fedha halali si ujinga, na mtu anayemlaumu aliyedhulumiwa kabla ya kumuuliza aliyedhulumu anamsaidia mdhulumu.

Lakini mwalimu huyo naye anaweza kujiharibia. Hasira ikimpanda, hubandika mtandaoni picha ya muuzaji, namba yake ya simu na maneno makali chini yake. Kwa kufanya hivyo anajiweka katika hatari ya kugeuka kutoka mdai na kuwa mshtakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hazikuandikwa kwa ajili ya wauzaji laghai peke yao. Isitoshe, muuzaji aliyetukanwa hadharani hufunga ukurasa wake na kufungua mwingine, na ushahidi unapotea pamoja nao.

Kwanza kabisa, mnunuzi ajiulize mgogoro wake ni wa namna gani. Yamkini muuzaji anayo bidhaa lakini amechelewa. Yamkini aliituma, nayo imepotea njiani. Yamkini hapakuwa na bidhaa tangu mwanzo, ila picha tu. Mambo hayo matatu hufanana sana machoni pa mtu anayesubiri stendi, lakini kila moja lina mlango wake, na wananchi wengi huhangaika miezi kwa kugonga mlango usiowahusu. Kituo cha polisi si mahali pa kudai deni, wala mahakama ya madai si mahali pa kumsaka tapeli asiyejulikana jina.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ni ya zamani kuliko simu za mkononi na kompyuta, lakini inasema mengi juu ya jambo hili. Katika mnada, mauzo hukamilika dalali anapogonga nyundo au anapotoa ishara nyingine ya kawaida ya kufunga mauzo. Kabla ya hapo mtu anaweza kuondoa bei yake. Muuzaji ambaye hakujiwekea wazi haki ya kushindania bidhaa yake mwenyewe, kisha akawapandikiza watu wake wapandishe bei, ametenda hila, na mnunuzi anaweza kuyakataa mauzo hayo. Tena, muuzaji aliyekubali kupeleka mzigo bila kutaja siku anatakiwa kuupeleka katika muda unaofaa. Asipoupeleka, mnunuzi anayo haki ya kumdai.

Kuna kifungu kimoja ambacho wanunuzi wa mikoani wanapaswa kukifahamu kuliko vyote. Muuzaji anapopewa idhini ya kutuma mzigo, kuukabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa, kwa kawaida, kuwa ni kumkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa kama walipatana vinginevyo. Maana yake ni nzito. Mwalimu akisema, “Nipakilie kwenye basi lolote la Mpanda,” na mzigo ukapotea njiani, muuzaji anaweza kusimama mbele ya hakimu na kudai kwamba wajibu wake uliishia stendi ya Dar es Salaam. Ni kweli kwamba yeye naye anatakiwa kupatana na msafirishaji kwa masharti ya busara, lakini hayo ni mabishano ambayo yangeepukwa kwa sentensi moja iliyoandikwa kabla ya kulipa: kwamba mzigo utahesabiwa umepokelewa utakapofika mkononi mwa mnunuzi, Mpanda. Ujumbe wa simu unatosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi.

Kwa hiyo kazi ya mnunuzi ni kazi ambayo mtumishi wa umma anaifahamu vizuri: kutunza jalada. Tangazo la mnada, bei iliyofunga, namba ya kumbukumbu ya muamala, jina lililotokea wakati wa kulipa, na kila ahadi ya muuzaji pamoja na tarehe yake, vyote viwekwe pamoja. Kisha imwendee muuzaji barua, hata kama ni kwa simu, isiyo na matusi, ikitaja kiasi kilicholipwa na siku ya mwisho ya kuleta mzigo au kurudisha fedha. Muuzaji mkweli aliyezidiwa na kazi aghalabu hujibu barua ya namna hiyo. Asiyejibu ameongeza ukurasa katika jalada.

Deni litokanalo na mkataba hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha kiwango cha madai ya namna hiyo hadi shilingi milioni 30, na shauri huendeshwa kwa Kiswahili, mdai akijieleza mwenyewe. Ikiwa dalili ni za utapeli, njia ni polisi, na hapo namba ya simu ina thamani kubwa, kwa maana tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Hata hivyo laini iliyosajiliwa si lazima iwe mkononi mwa mwenyewe, na hilo walaghai wanalijua. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma navyo hupelekwa kwa namba 15040, iliyotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo.

Pamoja na hayo, ni lazima ikubalike kwamba kumtaka mwalimu wa Mpanda amfuatilie muuzaji wa Dar es Salaam kwa shilingi 450,000 ni kumtaka atumie nauli na ruhusa za kazi zinazokaribia deni lenyewe. Walaghai huutegemea umbali huo. Kenya ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016. Ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, na shauri hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Marekani, mnada wa mtandaoni wa eBay, ulioanzishwa mwaka 1995, ulitambua mapema kwamba wanunuzi hawawezi kuvuka nchi kwa ajili ya kifurushi. Mwaka 1999 ulijaribu usuluhishi kwa njia ya mtandao wenyewe, na migogoro ipatayo 200 ikashughulikiwa bila watu kukutana.

Hapa nchini upo mfano wa karibu zaidi. Katika mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005, mazao huwekwa ghalani, hupimwa uzito na ubora, ndipo hunadiwa. Anayenunua korosho katika mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa hanunui picha. Yupo mtu wa tatu anayeishika mali, mwenye dhamana, na mali haitoki bila malipo wala malipo hayafanyiki bila mali kuwapo.

Biashara ndogo ya mtandaoni inakosa mtu huyo wa tatu. Kampuni za simu, ambazo tayari zinazipitisha fedha hizi na kutoza ada kwa kila muamala, zinaweza kuzizuia hadi mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umefika, na kuzirudisha muda uliokubaliwa ukipita. Benki Kuu inayo mamlaka juu ya mifumo ya malipo, na suala hili liko mezani pake kama lilivyo mezani pa Tume ya Ushindani. Hadi litakapoamuliwa, mnunuzi wa Kashaulili anayo haki ya kumwambia dalali wa mtandaoni kwamba nusu ya bei ataipata leo, na nusu iliyobaki ataipata siku mzigo utakaposhushwa stendi ya Mpanda na kufunguliwa mbele ya mashahidi.