Kadi ya Familia Haibebi Familia

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, yapo maneno yanayorudiwa kila simu ya ndugu aliye ng'ambo inapokatika. Utayasikia kwenye vibanda vya kuchajia simu, nje ya makanisa baada ya ibada, na kwa vijana wanaongoja kesi zao zisonge: "Huko ukiwa na kadi, familia nzima inapanda treni kwa pesa ndogo tu." Mara nyingi na picha imekuja: baba, mama na watoto wamesimama kando ya treni nyeupe, Köln au Manchester, na chini yake shukrani kwa Mungu. Kwa picha za namna hiyo watu wamejijengea imani kamili. Wanaamini kwamba nchi tajiri zilimfikiria mwenye watoto wengi zikamtengenezea kadi ya punguzo, na kwamba siku Malawi itakapokuwa na treni za abiria zenye kadi kama hizo, sisi wenye familia kubwa tutapumua.

Mimi siamini hivyo, tena naona imani hiyo inatudhuru. Kadi ya punguzo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaweza kusafiri, ili asafiri mara nyingi zaidi. Familia iliyokwama haikukwama kwa ajili ya theluthi moja ya nauli. Imekwamishwa na masharti yanayokaa mbele ya tiketi: pesa ya kutanguliza, karatasi ya kuonyesha, idadi ya watoto isiyotakiwa kuzidi, ruhusa ya kutoka mahali ulipo. Kadi nayo huja kujipanga katika foleni hiyo hiyo ya masharti.

Tuichukue ile ya Uingereza, Family & Friends Railcard, ambayo ndugu zetu huisifia sana. Tangu Machi 2025 inauzwa pauni 35 kwa mwaka. Mtu mzima hupunguziwa theluthi moja ya nauli, na mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60 ya nauli yake ya kitoto. Siipingi hesabu. Wazazi wawili na watoto watatu, wakienda mahali ambapo mkubwa hulipa pauni 40 na mdogo pauni 20, wangelipa 140 bila kadi. Wakiwa nayo watalipa kama 77. Ukijumlisha na bei ya kadi yenyewe inakuwa 112. Safari moja tu imeshairudisha na akiba imebaki. Ndugu yetu anayetuma picha hasemi uongo.

Lakini hesabu hiyo inaanza na mtu mwenye pauni 112 mkononi kwa ajili ya matembezi. Huko huko Uingereza yupo mwombaji hifadhi, yule ambaye kesi yake haijaamuliwa na haruhusiwi kufanya kazi. Mwaka 2024 fungu lake liliwekwa pauni 49.18 kwa wiki kwa kila mtu, na ndani ya hizo mna chakula, sabuni, nguo na nauli. Kadi peke yake inameza zaidi ya theluthi mbili ya fungu la mtu mmoja. Mama anayeishi kwa pesa hizo, akitaka kumpeleka mtoto akamwone shangazi yake mji wa pili, hanunui kadi. Analipa nauli ya mtu asiye na kadi, au wanabaki nyumbani. Na kwa aliye hapa kambini pauni 35 ni zaidi ya kwacha 70,000 kwa bei rasmi ya benki. Nani kati yetu ana kiasi hicho cha kununulia haki ya kupunguziwa baadaye?

Wapo watakaonijibu kwamba kadi ni hiari, asiyeinunua hapotezi kitu. Anapoteza. Kampuni ya reli inapopanga nauli kamili inajua kwamba wenye kadi hawatailipa, na inajua pia kwamba wenye nafasi ya kukata tiketi wiki kadhaa kabla hawatailipa. Wanaobaki kuilipa yote ni aliyepigiwa simu ya msiba jana usiku, mgeni asiyejua kwamba kadi ipo, na yule ambaye pesa yake huja leo ikaisha leo. Punguzo la mmoja limepata kiegemeo katika mfuko wa mwingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika jambo hili zima, kwa sababu wanaolibeba ni watu wa aina yetu, nao wanalibeba wakiisifu kadi.

Halafu kuna suala la idadi. Kadi hiyo ya Uingereza inakubali wakubwa wanne na watoto wanne kwa safari, basi. Interrail, tiketi ya kuzunguka Ulaya kwa treni iliyoanza mwaka 1972, humchukua mtoto bure mpaka miaka 11, lakini watoto wawili tu kwa kila mtu mzima. Wa tatu anunuliwe tiketi yake. Sasa pita nyumba kwa nyumba hapa Dzaleka uhesabu. Utamkuta mjane wa Fizi, huko Kongo, mwenye watoto watano, wawili wa kwake na watatu wa marehemu dada yake. Utakuta Warundi wanaoishi na bibi, na mtoto wa jirani aliyepotezana na wazazi wake njiani, ambaye sasa ni mtoto wao na hakuna anayeuliza zaidi. Kanuni hizo zilimfikiria baba, mama na watoto wachache. Kwa hesabu ya Interrail, mjane wetu angefika dirishani akaambiwa watoto wake watatu wamezidi.

Nauli ya familia inaweza kupunguzwa bila kadi yoyote, na wala si lazima twende Ulaya kuliona hilo. Kwenye treni ya reli ya kisasa ya Tanzania (SGR), iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma wiki chache tu baadaye, mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli, na aliye chini ya miaka 4 halipi. Kutoka Dar mpaka Dodoma mkubwa alitozwa shilingi 31,000 katika daraja la kawaida na mtoto 15,500. Hakuna kutanguliza pesa ya kadi, hakuna kuambiwa wa tatu amezidi. Umri wa mtoto unatosha. Marekani, ambako ndiko watu wetu wengi walikuwa wakipelekwa, kampuni ya reli ya Amtrak nayo humtoza mtoto wa miaka 2 hadi 12 nusu ya nauli, ingawa kwa idadi maalumu ya watoto kwa kila mkubwa. Luxembourg imekwenda mbali kuliko wote. Tangu mwisho wa Februari 2020 treni za daraja la pili, mabasi na tramu nchini humo ni bure kwa kila mtu, mwananchi na mgeni, mwenye makaratasi na asiye nayo. Ukinitajia nchi iliyomfikiria mwenye watoto wengi nitakutajia hiyo.

Nimeitaja Marekani, basi nisipite bila kugusa imani nyingine iliyo jirani na hii: kwamba safari ya ndege ya mkimbizi ni zawadi. Kwa waliopelekwa Marekani haikuwa zawadi. Nauli ilitangulizwa kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kama mkopo, kila mkubwa akitia saini ya kuurudisha, na malipo yakianza miezi sita hivi baada ya kufika. Mkopo hauna riba, na wengi wameulipa kwa uaminifu mkubwa. Ila familia ya watu wanane ilianza maisha mapya ikiwa na deni la tiketi nane, na kadiri watoto walivyozidi ndivyo deni lilivyokua. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikausimamisha mpango mzima wa kuwapokea wakimbizi. Kulikuwa na watu duniani kote waliokwisha kupimwa afya, waliouza vyombo na kuaga majirani. Tiketi zilikuwapo, nyingine zina tarehe. Kilichoondoka ni ruhusa.

Na sisi, kabla ya kufika hapa, tulikwisha kusafiri nje ya nchi na familia, tena kwa treni. Waulize waliotoka Uvira na Baraka, wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Baadhi yao waliichukua reli ya kati, njia ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, wakasafiri daraja la tatu mpaka Tabora, watoto wamelala juu ya mabegi, kisha mabasi mpaka Mbeya na mpakani Kasumulu. Katika gharama zote za njia hiyo tiketi ya treni ilikuwa ndogo. Kilichomaliza pesa za mama zetu ni mtumbwi wa usiku, dalali wa mpakani, na vizuizi ambavyo kila kimoja kilikuwa na bei yake kwa asiye na karatasi. Kitenge cha harusi kiliuzwa kwa ajili ya vizuizi. Mtu akiniambia leo kwamba tatizo la familia maskini ni bei ya tiketi, nawakumbuka wanawake hao, na najua kwamba hajawauliza.

Turudi karibu zaidi. Kutoka hapa mpaka Lilongwe ni kilomita 40 na kitu. Unapanda kabaza, yaani baiskeli au pikipiki ya abiria, mpaka barabara kuu, kisha minibasi. Mtoto anayepakatwa halipiwi, anayekalia kiti analipiwa, na konda ndiye mwamuzi. Nauli ni kali, na imezidi kuwa kali tangu kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023. Lakini hata konda akitubeba sote bure, mkimbizi anatakiwa kuwa na kibali cha kutoka kambini. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka ifikapo katikati ya Aprili. Mei polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe: wenye maduka, wanawake, watoto. Baadhi yao walipitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa hapa. Kulikuwa na watoto waliotolewa kwenye shule za mjini katikati ya muhula. Hao nao walisafiri kama familia, kwenye magari ya serikali, bila kulipa nauli, mpaka kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000 na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu walio ng'ambo jambo moja. Tumeni picha, tunazipenda, na watoto wanazionyesha shuleni. Lakini pamoja na picha tuambieni mliweka akiba miezi mingapi kabla ya kununua kadi, na watoto wangapi waliachwa nyumbani ili hesabu itimie. Kijana wa hapa anayeamini kwamba umaskini wa safari unatibiwa na kadi hujifunza kulaumu wazazi wake kwa kutokuwa na maarifa. Wazazi wake wana maarifa. Walivuka nchi mbili na watoto migongoni.

Na kwa Malawi nina la kusema. Reli ilifika Lilongwe mwaka 1979, ikaendelea mpaka Mchinji, na mwaka 2010 ikaunganishwa na Chipata nchini Zambia. Kwa sasa ni njia ya mizigo. Nasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema treni ya abiria ikianza ije na kadi za kisasa za familia, kama Ulaya. Isije nazo. Ije na nauli iliyobandikwa ukutani, nusu kwa mtoto yeyote, awe wa kwanza au wa saba, awe wa kuzaa au wa kulea, na mwenye kukata tiketi asubuhi ya safari alipe sawa na aliyekata mwezi uliopita. Kampuni itasema inapata hasara. Reli hujengwa kwa mikopo ya umma na kwenye ardhi ya umma, na mjane anayepanda mara moja kwa mwaka analipa kodi kila anaponunua sukari.

Na kibali cha kutoka kambini je? Hicho hakihitaji reli wala bajeti. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, lakini ikajitoa katika baadhi ya vifungu, kikiwemo cha 26, kinachompa mkimbizi aliye nchini kihalali haki ya kuchagua mahali pa kuishi na ya kutembea. Mkataba huo huo, katika kifungu cha 42, unasema nchi iliyojitoa namna hiyo inaweza kubadili msimamo wakati wowote. Inatakiwa kumwandikia barua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.