Weka Chini Hiyo Tripodi ya Kilo Mbili

Najua leo kuna watu wataacha kunifuata, sawa tu. Hiyo tripodi ya alumini mnayouziana kila wiki haina kazi Saiwa. Simu yako ina gramu mia mbili hivi. Wewe unaibebea stendi ya kilo mbili ndio isitingike. Hiyo ni kukodi trekta ibebe sufuria ya chai.

Kwa wale hawajafika: Saiwa ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita za mraba 3 hivi, na ilitengwa mwaka wa 1974 kwa sababu ya mnyama mmoja, sitatunga. Vitabu vinamwita nzohe. Ni swala wa kinamasi, kwato zake ni ndefu na zinapanuka ili asizame kwenye matope. Akishtuka anajizamisha majini anaacha pua peke yake nje. Kutoka Kitale unachukua matatu ya kuelekea Kapenguria, unashuka njia ya Kipsaina, unamalizia na boda. Ndani hakuna gari. Unatembea kwa miguu, unapita vidaraja vya mbao, unapanda jukwaa la mbao, halafu unakaa. Unakaa tena. Sitatunga anatoka alfajiri au jioni, na hana haraka na ratiba yako.

Sasa hebu niambie hapo stendi ya miguu mitatu inakusaidia nini. Ukiifungua inalia kama geti. Jukwaa ni la mbao, kila mtu akisogeza mguu mtikisiko unapanda kwenye stendi mpaka kwenye vidio. Na ukitaka kugeuza kamera haraka kwa sababu mnyama ametokea upande ule mwingine, unaanza kulegeza skrubu. Ukimaliza, yule ameshaingia kwenye mafunjo.

Watu waliomaliza hii shida kitambo ni wawindaji. Hapo ndipo mabishano huanza, kwa hivyo wacha nieleze vizuri. Siku hizi intaneti inatumwagia vidio za Wamarekani wamekaa chini na bunduki, wameegemeza mtutu kwenye vijiti viwili vyepesi, wanangoja paa. Kuna wasee huku, wa Bungoma na wa Kitale, wameniuliza kabisa ni kiegemeo gani kizuri cha bunduki na kama kinaweza kuletwa mpaka huku. Buda, uwinde nini? Kenya ilifunga uwindaji mwaka wa 1977, mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya pembe, ngozi na vitu kama hivyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema wazi kwamba kuwinda kwa mchezo ni kosa. Hata nchi ingekuwa haina sheria, ukimpiga sitatunga mmoja pale Saiwa umepunguza sababu ya mbuga yote kuwepo.

Lakini vijiti vyenyewe havina hatia. Hiyo akili ya kukaa, kutulia, kuegemeza na kungoja ni akili nzuri sana, na sioni kwa nini tuitupe pamoja na risasi. Mwaka wa 1909 Roosevelt, yule aliyekuwa rais wa Marekani, alipita Uasin Gishu hapo jirani na wapagazi zaidi ya 200, na yeye na kijana wake wakaua wanyama zaidi ya 500 katika safari nzima. Wapagazi zaidi ya 200! Huyo ndiye angeweza kubeba tripodi zenu bila kulalamika, kwa sababu si yeye angebeba. Wewe una mgongo mmoja na nauli ya kurudi.

Sikiza vile mambo yanaenda. Ukikaa chini, makalio na nyayo mbili tayari ni miguu mitatu. Tripodi ni wewe. Kitu kinachobaki kutingika ni mikono, na hiyo haihitaji kilo mbili za chuma. Tanua magoti kidogo, viwiko viingie ndani ya magoti. Usiweke ncha ya kiwiko juu ya mfupa wa goti, mfupa kwa mfupa unateleza. Nyama ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, ndiyo ikae kwenye goti. Fimbo moja chini ya simu inazuia kupanda na kushuka, lakini bado utayumba kushoto na kulia. Fimbo mbili zilizofungwa karibu na juu, zikafunguka kama mkasi, zinazuia yote mawili. Kuyumba mbele na nyuma unazuia mwenyewe kwa kuzivuta kidogo zikuegemee. Pumua, toa nusu ya pumzi, ndio ubonyeze. Au tumia kitufe cha sauti kwenye waya wa earphone ukiwa nayo, hapo hata simu huigusi.

Na unachaguaje? Kaa chini kwanza. Watu wananunua wakiwa wamesimama dukani, halafu wanashangaa mbona shingo inauma. Kaa vile utakaa mbugani, mtu apime kutoka ardhini mpaka kidevuni kwako, halafu ongeza kama shubiri moja, kwa sababu fimbo zikitanuka zinashuka. Ukitaka kushuka zaidi, tanua zaidi, na hiyo ndiyo raha ya miguu miwili: hakuna skrubu ya kulegeza. Mwanzi mkavu unatosha kabisa, ni mwepesi na hauzimiki mkononi kama bomba la maji. Funga na raba ya tyubu, ile ya kufungia mizigo kwenye boda. Hapo juu panapofanya kipanda, zungushia kitambaa, simu ilale bila kelele. Chini valisha raba, kwa sababu ncha tupu inagonga mbao ko ko ko na sitatunga ana masikio. Usipake rangi ya kung'aa. Kama una pesa na unataka ya dukani, ya kaboni ni nyepesi kweli, lakini angalia vifungo vya miguu: vile vya kuzungusha vinanyamaza, vile vya kubana vinalia. Na ikunjwe iingie kwenye begi, maana kutoka Bungoma kupitia Webuye mpaka Kitale ukiwa umebanwa kiti cha nyuma, hakuna konda atakuhurumia na miti yako.

Ninachokasirikia si chuma. Nakasirikia vile tunaambiwa kwamba bila chuma wewe si kreeta. Kuna kijana anajua kila ndege wa pale kinamasini, anatofautisha korongo akiwa mbali bado, na hajawahi kuweka hata klipu moja kwa sababu "bado sijapata vifaa." Huyo akishaambiwa hivyo mara kumi anachukua mkopo wa simu, ananunua stendi, taa ya duara na maikrofoni, halafu anabaki hana nauli ya kwenda Kipsaina. Sasa ana studio chumbani na hana mnyama. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo tafadhali msinifundishe kwamba elfu tano ni pesa kidogo. Na wengi wanaowaambia mnunue wana kamisheni kwenye hiyo stendi. Waulize kama wamewahi kukaa nayo masaa matatu kwenye jukwaa la mbao.

Ndio, tripodi ina kazi zake. Ukijirekodi peke yako, ukipiga nyota usiku, ukitaka mawingu yakimbie juu ya Mlima Elgon kwa saa nzima, chukua yenye miguu mitatu, hata iwe ya kuazima. Lenzi kubwa ya kilo kadhaa nayo ni hadithi nyingine. Lakini wengi wenu hamna lenzi hiyo. Mna simu. Mpira pale Kanduyi, uwanja wa Masinde Muliro uliobeba Madaraka Dei ya 2024, unapiga ukiwa umekaa jukwaani kati ya watu. Fungua miguu mitatu pale uone vile mama wa nyuma yako atakupangia.

Mmoja ameniambia wateja hawatakuchukulia kwa uzito wakiona mwanzi. Mteja gani? Mwenye duka la Chwele anataka klipu isiyotingika, na anataka leo jioni. Kama aibu ndiyo shida, zungushia mwanzi tepu nyeusi. Jumamosi naenda Saiwa ile matatu ya kwanza, nitakuwa nimefunga fimbo mbili za ziada kwenye begi. Wa Bungoma, laleni Kitale Ijumaa. Na mkija, zimeni milio ya simu kabla ya geti.