Kazi za Mikono: Picha ya Rangi za Mafuta

Mtu asimamaye ukingoni mwa Mto Tana karibu na Garsen wakati wa mafuriko huona maji ya rangi ya chai ya maziwa, yaliyobeba udongo wa Mlima Kenya na wa milima ya Nyandarua kwenda nao baharini Kipini. Kando ya mto ipo miembe na migomba ya Wapokomo, na ng'ombe wa Waorma hushuka kunywa. Lakini kijana akipewa rangi kwa mara ya kwanza, mara nyingi huuchora mto huo buluu, kama alivyouona katika kitabu cha shule. Kosa hilo husahihishwa kwa macho tu. Yako makosa mengine yasiyosahihishika, nayo hutokana na vifaa.

Rangi ya mafuta ni unga laini wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta yakaukayo. Neno hilo "yakaukayo" ndilo liwapotezalo watu wa pwani. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na ya simsim kwa chakula, lakini hayakauki sawasawa hata yakiachwa mwaka mzima. Picha iliyochorwa kwayo itanata vumbi na nzi siku zote. Yatakiwayo ni mafuta ya kitani, ambayo maseremala huyajua kwa kupaka mbao. Haya hayakauki kama nguo ikaukavyo juani, bali huvuta hewa na kugeuka ngozi ngumu. Yafaa yawe yale yaliyosafishwa kwa ajili ya wachoraji, kwa kuwa yale ya seremala, yaliyotiwa dawa ya kukausha, huzidi kuwa manjano.

Kazi hii ni ya kale. Katika mapango ya Bamiyan, nchini Afghanistan, zimeonekana picha za mafuta za karne ya 7 hivi. Wachoraji walisaga rangi zao wenyewe au kuzisagisha, hata mwaka 1841, Mmarekani John Goffe Rand, naye mchoraji, alipobuni kijibomba laini cha bati cha kutilia rangi. Hapo ndipo iliporahisika kwenda kuchorea shambani au mtoni. Katika Afrika ya Mashariki, Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliyesoma Makerere kisha London, alichora kwa mafuta watu wa kwao wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ya mwaka 1956 imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Yafaa kukumbuka kwamba hakuchora theluji ya Uingereza; alichora migomba aliyoijua.

Kitambaa kiwe turubai jepesi lisilotiwa nta, au amerikani nzito, nacho kiwambwe juu ya fremu ya mbao kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Kisha kipakwe gundi, kwani mafuta yakigusa uzi mtupu huuozesha. Baada ya gundi hufuata tabaka mbili tatu nyembamba za unga wa chaki uliokorogwa na gundi. Zikiwa nene hupasuka. Chokaa ya kupaka nyumba isitumiwe kabisa, maana ni kali na hula mafuta.

Rangi tano zatosha kuanzia: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo iliyo jamaa ya ngeu ya seremala, buluu, na nyeusi. Nyeupe iwe ya titaniamu, kwa sababu ile ya risasi ina sumu. Manjano na buluu huzaa kijani cha miembe. Maji ya Tana hupatikana kwa nyeupe, nyekundu na manjano kidogo, na buluu huguswa tu penye kivuli cha mtumbwi.

Mchoraji huanza kwa rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini, nyepesi kama maji, akipanga mto, ukingo na mbingu. Tabaka zifuatazo huongezewa mafuta kidogo kidogo. Kanuni hii haina ruhusa: tabaka ya juu lazima iwe na mafuta mengi kuliko ya chini. Akigeuza, ya juu itakauka kwanza, na ya chini ikiendelea kujinyoosha itaipasua kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Kati ya tabaka na tabaka angoje siku kadhaa, na masika zaidi. Vanishi ingoje miezi sita au mwaka.

Brashi nyingi nzuri hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Asiyependa kuzishika atapata za nyuzi za kiwandani, nazo zafanya kazi. Husafishwa kwa tapentaini au mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji.

Limebaki jambo la matambara, nalo ni la hatari kuliko yote. Tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa pembeni, huweza kupata joto lenyewe na kuwaka moto pasipo kiberiti. Katika nyumba ya makuti hakuna atakayewahi kuuzima. Basi kila jioni matambara yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke na kuwa magumu, au yatiwe katika kopo la maji lenye kifuniko, mbali na nyumba.