Dripu ya Usiku na Kengele Iliyochelewa

Saa mbili usiku muuguzi wa zamu humfungia mgonjwa dripu. Huhesabu matone kwa dakika nzima akitazama saa, husogeza kigurudumu cha mpira hadi idadi ilingane na maagizo ya tabibu, kisha huitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu upande wa pili wa jengo. Tangu hapo mwendo wa dawa huachiwa uzito wa maji yenyewe. Mgonjwa akikunja kiwiko matone hupungua, akinyoosha huongezeka. Chupa ikiinuliwa huenda mbio. Kigurudumu nacho huweza kulegea polepole bila kuguswa na mtu. Anayebaki kukesha kando ya kitanda ni bibi au dada wa mgonjwa, naye hutazama jambo moja tu, kiasi kilichobaki chupani. "Sista, maji yamekwisha," ndiyo kengele ya dripu inayofahamika katika kila wodi yenye muuguzi mmoja. Hulia baada ya jambo kutendeka.

Mjadala kuhusu teknolojia ya kusimamia dripu hauna budi kuanzia kando ya kitanda hicho, wala si katika orodha za wauza pampu. Pampu ya dripu ni chombo chema. Huusukuma ujazo uliopangwa, huonesha mililita kwa saa, na hulia hewa inapoingia mpirani au njia inapoziba. Katika chumba cha wagonjwa mahututi ni vigumu kufanya kazi bila pampu, kwani zipo dawa za kupandisha shinikizo la damu ambazo haifai kuzitoa kwa makadirio ya matone. Hata hivyo pampu nayo hukosea. Kati ya mwaka 2005 na 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipokea taarifa zipatazo 56,000 za matukio mabaya yaliyohusishwa na pampu za dripu, vikiwemo vifo, na mwaka 2010 ikaanzisha mpango maalumu wa kuzifanya ziwe salama zaidi. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni hitilafu za programu, betri, na vitufe na maandishi yaliyowachanganya watumiaji. Hayo yalitokea katika nchi tajiri, yenye umeme wa uhakika na mafundi wa vifaa tiba walio karibu.

Sasa chombo hicho kipelekwe Kiswere. Sehemu hiyo ya Wilaya ya Kilwa imekaa kando ya ghuba yenye mikoko, kati ya Kilwa na Lindi mjini. Mgonjwa anayezidiwa huko hutazama njia mbili: kaskazini, kuelekea Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje, au kusini, kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyohiyo, imekuwa ikiwasha taa za Dar es Salaam tangu mwaka 2004, lakini umeme wa vijijini Kilwa haujawa wa kuwekewa uhai wa mtu rehani. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu huko Somanga, kusini ilijikuta imekatiwa njia yake kuu ya kwenda Dar es Salaam. Pampu nyingi hazikubali mpira wowote isipokuwa ule wa kampuni iliyozitengeneza. Mpira huo ukiisha stoo, au fundi akikwama ng'ambo ya daraja lililobomoka, pampu hugeuka pambo la kabati.

Dawa inayolifanya suala hili kuwa la kufa na kupona katika vituo vya aina hiyo ni magnesiamu salfeti. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Lakini kati ya kiasi kinachoponya na kinachodhuru hakuna nafasi kubwa. Ikizidi, goti huacha kuruka linapogongwa, kisha pumzi hupungua, kisha hukoma. Utaratibu mmoja huanza kwa gramu 4 za polepole mshipani na kuendelea kwa gramu 1 kila saa kwa dripu. Huo unadai pampu, au jicho lisilofumba. Utaratibu wa pili huanza kwa gramu 4 zilezile mshipani pamoja na gramu 10 za sindano ya msuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa nne. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kituo kisichoweza kutoa tiba kamili kimpe mama dozi ya kuanzia na kumsafirisha mara moja.

Safari hiyo ndiyo pahali ambapo dripu huwa hatari zaidi. Mfumo wa M-mama, ulioanza kupanuliwa nchi nzima mwaka 2022, umewezesha kituo au familia kupiga namba 115 na kupatiwa gari, la wagonjwa likiwapo, au la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni maendeleo ya kujivunia. Lakini gari la kawaida halina nguzo ya kutundikia chupa. Huishika ndugu aliyeketi kiti cha nyuma. Mkono wake ukichoka chupa hushuka, na gari likiruka shimoni kanula huchomoka. Kumwekea mama huyo magnesiamu ya dripu njiani ni kumwachia dereva na mashimo wapange dozi. Achomwe sindano ya msuli kabla ya kuondoka, muuguzi amsindikize akihesabu pumzi zake, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuikabili magnesiamu iliyozidi, iwe mkobani. Hapo teknolojia bora ni kutokuwa na dripu kabisa.

Kwa wodi zenyewe kipo chombo cha katikati kinachostahili kupewa nafasi kuliko pampu: kihesabu-matone. Hubanwa kwenye kichupa cha matone, huyahesabu kwa mwanga usioonekana, huonesha mililita kwa saa, na hulia matone yakisimama au yakienda mbio. Vipo vinavyotumia betri ndogo ya kawaida, na mpira ni uleule wa siku zote. Hakiusukumi mwendo; hutoa habari tu. Udhaifu wake usifichwe. Hakijui iwapo maji yanaingia mshipani au yanavimbisha mkono, hakijui ni dawa gani imo chupani, na kwenye gari linalotikisika hakitegemeki. Tena hukosea pamoja na anayekitumia. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, wa watoto 60. Matone 42 kwa dakika humpa mtu mzima lita 1 kwa saa nane. Matone hayohayo katika mpira wa watoto ni mililita 42 tu kwa saa. Anayechanganya mipira hiyo hukosea mara tatu, na kihesabu-matone kilichoingiziwa namba isiyo sahihi kitamthibitishia kosa lake kwa maandishi yanayong'aa.

Kwa watoto, bomba lenye vipimo linalowekwa kati ya chupa na mpira hulinda zaidi ya kifaa chochote chenye betri. Mtoto wa kilo 10 huhitaji takriban mililita 40 kwa saa. Akifungiwa chupa ya 500 moja kwa moja na kigurudumu kikalegea, anaweza kuipokea yote usiku huohuo. Bomba likitiwa mililita 40 na kufungwa juu, hizo ndizo atakazopata, hata bibi yake asinzie.

Hapa lazima wagonjwa nao waambiwe ukweli. Wapo wanaoamini kwamba hawajatibiwa mpaka "wawekewe maji", na wapo ndugu wanaofungua kigurudumu ili dripu iishe mapema wawahi usafiri wa kurudi nyumbani. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na katika Hospitali Teule ya Muheza, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki kwa zaidi ya asilimia 10 katika saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Maji hayo hayakutolewa kwa kosa la mtu. Yalitolewa kwa uangalifu, na wataalamu, na bado yaliua. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa AQUAMAT ulikuwa umeonesha kwamba sindano ya atesuneti huokoa watoto wengi wenye malaria kali kuliko kwinini. Vifo vilishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5, na pamoja na hayo dripu ya saa nne ya kwinini, iliyowahangaisha wauguzi kwa miaka mingi, haikuhitajika tena.

Kwa hiyo kamati za afya zinapopanga bajeti zisiulize kwanza pampu ni bei gani. Ziulize nani yupo zamu usiku, mabomba ya watoto yapo mangapi, na kama kila kituo kina nyundo ya kugongea goti. Kihesabu-matone kinunuliwe kwa wodi ya wazazi na ya watoto, pamoja na betri za akiba na mtu mmoja anayewajibika kuzihesabu.

Na wakati vinasubiriwa, plasta ipo. Ukanda wake hubandikwa ubavuni mwa chupa, kalamu ikachora mstari kwa kila saa: chupa ya mililita 500 ya saa nne iliyofungwa saa mbili usiku iwe imebakiza 375 saa tatu, 250 saa nne, 125 saa tano. Ndugu aoneshwe mistari hiyo, aambiwe asiguse kigurudumu, na aambiwe jina la atakayeitika akiita. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuona, saa tatu na nusu, kwamba maji yamepita mstari wa saa nne, na akaita yangali chupani.