Iringa na Thika wa Toronto

Mhariri,

Sisi watu wa Iringa tulikuwa na wajina wetu Kanada: tembo jike aitwaye Iringa, katika bustani ya wanyama ya Toronto. Mwenzake Thika alizaliwa hukohuko mwaka 1980. Mji wa Thika, Kenya, hakuujua hata kwa harufu.

Madiwani wa Toronto walipiga kura ya kuwahamisha mwaka 2011. Safari ikaja Oktoba 2013! Wao na tembo mwenzao Toka walizoezwa kwanza kuingia kwenye makasha, maana tembo hasombwi kama gunia la mahindi, kisha malori yakawapeleka hifadhi ya PAWS, California.

Iringa alifika miguu ikiwa mibovu, akafa Julai 2015. Wenye kupanga uhamisho, tafadhali msingoje tembo azeeke.

Msomaji wenu,
Iringa